Saa Moja kwa Vikombe Thelathini na Viwili

Shamimu Zaidi alishuka Dodoma akitokea Kondoa na begi moja, barua ya kujiunga na chuo, na imani kwamba diploma ya kompyuta inachukua miaka miwili. Kuhusu begi alikuwa sahihi. Diploma aliifikisha nusu, akaiacha hapo kama mtu anavyoacha ugali wa hotelini: hajashiba, ila ameshaona unywele. Ukimuuliza aliishia wapi atakujibu "katikati," na ukiuliza katikati ya nini, atakuuliza wewe umeoa lini.

Kompyuta, bahati nzuri, hazijawahi kumdai cheti. Siku hizi anakaa Ipagala, chumba na sebule, na kila asubuhi anavuka mji kwenda Nkuhungu, kwenye redio ndogo ya jamii ambayo watu wa mtaa wanaiita Redio Bati, kwa sababu mvua ikinyesha juu ya paa lake hata msikilizaji wa mbali anajua aanue nguo. Pale yeye ndiye fundi mitambo. Antena ni yake, maikrofoni ni zake, jenereta ni lake, na mtangazaji akichelewa, salamu za kujaza hewa nazo ni zake.

Redio hiyo ilizaliwa Kondoa. Serikali ilipohamia Dodoma, nayo ikafunga virago ikafuata nyuma, kama kuku anayefuata debe la pumba. Ilikuja na makasha ya kanda, vipindi vya miaka kumi na miwili. Mchwa wa Dodoma hawana ubaguzi: wanakula fremu ya mlango, wanakula cheti cha ndoa, na kanda nazo wakazila zote, wakaacha maboksi yamesimama wima kwa heshima. Kilichoponea ni nakala. Miaka ya nyuma jamaa mmoja wa mkataba alikuwa amezihamishia sauti zote kwenye diski moja kubwa ndani ya boksi la chuma, lenye kompyuta yake ya kizamani na programu aliyoiandika yeye mwenyewe. Kisha akalipwa, akabadilisha namba ya simu, akatoweka. Diski ile haikusomeka popote isipokuwa humo ndani. Wafanyakazi waliliita boksi hilo Mzee.

Jumamosi moja, katika kusafisha chumba cha mitambo, Shamimu aliokota nyuma ya Mzee orodha ya kanda iliyochapwa, kurasa ishirini na kitu zilizogeuka rangi ya chai. Akawa anaipitia huku amesimama, fagio kwapani. Ukurasa wa tisa ulikuwa na kipindi cha sokoni cha mwaka 2005, na chini yake mstari mmoja: Bi Mwamvua, muuza chai, dakika kumi na nne.

Alikaa chini, sakafuni, palepale.

Bi Mwamvua alikuwa mama yake. Alifariki mwaka 2007, Shamimu akiwa darasa la saba, kabla simu za kurekodi hazijafika nyumbani kwao. Picha ipo moja, ya kitambulisho, amekaza uso kama anasubiri hukumu. Sauti hakuna. Maneno ya mama Shamimu anayakumbuka yote: ya kugomba, ya kubembeleza, ya kumwita kutoka uani. Tatizo ni kwamba miaka ya karibuni, maneno hayo yakimjia, yanamjia kwa sauti yake mwenyewe. Alikuwa hajamwambia mtu. Utamwambia nani kwamba umempoteza mama mara ya pili, na safari hii ni kwa uzembe wako?

Jumatatu asubuhi akamfuata bosi wao, Meshack, Mgogo wa Mvumi, mtu mpole ambaye akisema "tutaona" ujue amekataa. Meshack akamweleza kwamba mitambo mipya inafika Ijumaa, na waliotoa msaada wanaileta kwa kubadilishana: kilichomo chumbani kinapakiwa, Mzee akiwemo. Shamimu akaomba boksi libaki wiki mbili. Meshack akatazama nje, akasema tutaona.

Kwa hiyo siku zilikuwa tano. Akaunga diski mpya pembeni, akaamuru sauti zote zinakiliwe. Kunakili faili moja tu isingewezekana, kwa sababu yule jamaa alizipa faili namba za kichwani mwake, zisizohusiana na orodha kwa ukoo wala kwa ndoa. Faili elfu kumi na moja, na mama yake alikuwa mojawapo. Mzee akaguna, akaonyesha makadirio: siku kumi na moja.

Priska, mtangazaji wa vipindi vya mchana, aliyesikia tu kwamba Shamimu anatafuta kipindi cha mama yake, alipita na kikombe chake, akasoma kioo.

"Siku kumi na moja. Si bora umwambie mama aje mwenyewe?"

Kisha akaona uso wa Shamimu, akavuta kiti akakaa, na hakutania tena mpaka saa sita. Kwa Priska hiyo ni rambirambi ya kiwango cha kitaifa.

Shamimu akafungua programu ya yule jamaa kuona Mzee anashughulika na nini humo ndani. Mambo yenyewe hayahitaji diploma nzima, nusu inatosha. Kompyuta ikitaka kipande cha sauti kutoka kwenye diski, inapeleka ombi. Maombi yanapanga foleni, diski inayajibu. Lakini diski ni chombo kama vyombo vingine, hukwama. Kwa hiyo kila ombi linapotoka hutegewa saa: usiporudi ndani ya sekunde thelathini, tunakuja kukutafuta. Karibu maombi yote hurudi kabla hujapepesa jicho. Saa ile hailii. Imetegwa bure, inazimwa bure. Na yule jamaa alikuwa ametega saa kwa kila ombi, moja moja, maelfu ya saa kwenye orodha moja ndefu. Ombi likirudi, mashine inaanza kukagua orodha kutoka saa ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka iikute ile inayotakiwa kuzimwa. Halafu ombi jingine, na kukagua upya. Mzee alikuwa hasomi diski. Alikuwa anashinda akizima saa.

Shamimu akacheka peke yake. Priska akauliza kama umeme umempiga.

Hakupigwa na umeme. Alikuwa ameona ukuta wa kibanda cha mama yake, pembeni ya soko la Kondoa, uliopakwa chokaa na kuchapwa na upepo mpaka ukawa na vipele. Ukutani kulikuwa na misumari thelathini na miwili, na kila msumari na kikombe chake cha bati, cheupe chenye mdomo wa buluu. Bi Mwamvua alipeleka chai madukani. Vikombe vilitoka na sinia, vikasambaa kwa mafundi cherehani, kwa wauza mbegu, kwa kinyozi, kwa mawakala wa mabasi ya Babati, na biashara yote ilisimama juu ya jambo moja: kikombe kirudi. Kisiporudi, mteja aliyekaa kwenye benchi anamtazama mama, mama anautazama msumari mtupu, na tangawizi inachemka bila kazi.

Ndiyo akanunua saa ya kengele mnadani, zile zenye picha ya kuku anayedonoa kila sekunde. Siku ya kwanza aliitumia kama yule jamaa wa mkataba. Kikombe kikitoka, anategea. Kikirudi, anategua. Kingine kikitoka, anategea tena. Kufika saa nne maziwa yalikuwa yamefurika jikoni na yeye bado anazungusha kile kijipini cha mgongoni mwa saa, anasaga meno. Mudrick, kaka yake Shamimu, mpaka leo anaigiza ile sura ya mama, na anaigiza vizuri mno kwa mtu aliyeota ndevu.

Siku ya pili mama akabadilisha mtindo, bila semina wala mshauri. Chini ya kila msumari akaandika kwa chaki muda ambao kikombe kinatakiwa kiwe kimerudi, na saa akaitega kwa kikombe kimoja tu, kile chenye muda wa mapema kuliko vyote. Kikirudi, saa haiguswi. Vikirudi ishirini, haiguswi. Kikitoka kipya, anatupia jicho: muda wake ni baada ya kengele? Basi, kitasubiri kengele ilie. Ni kabla? Hapo ndipo anapoivuta saa iwe karibu. Kengele ikilia anageuka kutazama ukuta. Msumari mtupu uliopitwa na muda wake, mtu anatumwa. Kama hakuna aliyechelewa, anaitega kwa anayefuata na kuendelea kukoroga. Wala dakika moja moja hakuzihangaikia, kwa kuwa saa yenyewe ilikosea mpaka dakika tatu. Alikadiria kwa tano tano, hivyo vikombe vitano vya wakati wa kukaribiana viliangukia kengele moja, na safari moja ya miguu ikavimaliza vyote.

Siku nzima ile saa aliigusa pengine mara kumi na tano, na vikombe vilivyotoka vilifika mia mbili.

Shamimu alikuwa akitoka shule anakaa juu ya gunia la sukari na kuutazama ukuta ule kama wengine wanavyotazama televisheni. Anakumbuka mlio wa vikombe vikirudi kwenye sinia. Anakumbuka harufu ya tangawizi iliyojaa mpaka kwenye madaftari yake, mwalimu wa hisabati akawa anasahihisha lake mwisho ili ajiburudishe. Anakumbuka mama akivuka barabara na sinia kichwani bila kushika, anaongea Kirangi na mtu wa upande huu na Kiswahili na wa upande ule, hampunji yeyote. Anachokosa ni jinsi mama mwenyewe alivyosikika.

Jumatatu yote na Jumanne mpaka adhuhuri aliandika. Orodha ya saa akaifuta. Kila ombi akaliandikia tu muda wake wa mwisho, kama chaki chini ya msumari, na foleni nzima akaipa saa moja, iliyokadiriwa kwa sekunde kamili, inayovutwa karibu ikibidi na isiyosogezwa mbali kamwe. Ikilia, mashine inapita foleni mara moja, inaona nani kachelewa, inaitega kwa anayefuata. Akawasha. Mzee akatulia, feni yake ikashusha sauti kama mtu aliyevua viatu. Makadirio mapya: siku tatu. Ijumaa mchana.

Priska alimpigia makofi mawili ya kichama, akaenda kusoma taarifa ya habari.

Lakini jioni ileile Mzee aliangusha diski. Tatizo halikuwa saa, lilikuwa umri. Diski ile ikifika sehemu iliyochoka inarudia kusoma, inarudia, inahema. Sekunde thelathini zinapita, saa inalia, mashine inaona imekufa, inaizima na kuiwasha upya kwa nguvu, na faili iliyokuwa inasomwa inaanza mwanzo. Ilitokea mara tatu ndani ya saa moja. Kila ilipozimwa hivyo ilitoa mlio wa kijiko kwenye sahani, na Shamimu aliusikia mpaka kwenye meno.

Hapo akafanya kosa ambalo asiyelelewa kwenye kibanda kile asingelifanya.

Alikumbuka wazee. Mbele ya duka la viatu palikuwa na Babu Khalidi, fundi viatu aliyeshona kwa kupapasa kwa sababu macho yalishakwisha. Chai yake ilikwenda kila siku, na katika miaka yote Shamimu hakusikia hata mara moja Babu Khalidi akidaiwa kikombe. Mudrick alikuwa anatumwa kwake mara kwa mara, anafika, anainama, "Shikamoo babu," anakaa kidogo, anarudi. Basi. Mzee hahesabiwi dakika. Anakunywa mpaka atosheke. Kwa Shamimu hiyo ilikuwa sehemu ya utu wa mama yake, na alikuwa ameitembeza kichwani miaka kumi na saba kama urithi.

Kwa hiyo akaiondoa diski ile kwenye saa kabisa. Maombi yote ya kwake yasiwe na mwisho. Ijibu itakapojibu. Akafunga chumba akaenda Ipagala, akala, akalala usingizi wa mtu mwenye adabu.

Jumatano asubuhi kioo kilisoma asilimia kumi na nne. Jana alipoondoka kilisoma kumi na nne. Akadhani ni uchovu wa macho, akaenda kuchukua maji, akarudi. Kumi na nne. Diski ilikuwa imekwama mahali pamoja tangu magharibi, haisemi kitu, na mashine ilikuwa imekaa mbele yake kwa heshima zote, mikono magotini, inasubiri. Saa kumi na tatu zimekwenda bila kipande kimoja.

Akampigia Mudrick. Mudrick yuko Kondoa bado, ananunua alizeti na kuisafirisha, na anapokea simu kana kwamba kila dakika inakatwa kwenye gunia. Shamimu akamwamkia, akaitikiwa, akamweleza habari ya orodha na ya diski, yote, hata ile sehemu ya sauti ambayo hakuwa amemwambia mtu. Upande wa pili magunia yakaacha kusikika yakibwagwa. Mudrick alikuwa amesogea pembeni. Akauliza imekuwaje mashine ikasubiri usiku kucha kama bwege, na dada yake akamweleza kuhusu Babu Khalidi.

"Kwa hiyo wewe miaka yote hii unadhani nilikuwa natumwa kusalimia," Mudrick akasema.

"Ndivyo nilivyoona."

"Uliona nikiinama. Babu Khalidi alikuwa kwenye saa sawasawa na kinyozi. Kengele inalia, mama ananiambia, nenda kamwamkie babu. Nafika, shikamoo babu, marahaba mjukuu. Nakaa. Akisema chai ya leo imekolea, ujue bado ipo, narudi namwambia mama, anamwongezea robo saa. Akiniombea dua, kikombe kimeisha, nakibeba. Kudai alikuwa anadai, Shamimu. Alikuwa anadai kwa kuamkia."

"Na asipojibu?"

"Siku moja hakujibu. Nikaamkia mara tatu. Nikaita watu."

"Ndiyo siku aliyofariki?"

"Alikuwa amesinzia. Lakini nisingetumwa angekaa pale na jua lile mpaka Isha, halafu mngesema anaheshimiwa."

Shamimu alikaa na simu sikioni. Aliona aibu ndogo, ya kipuuzi, ya mtu aliyegundua kwamba wimbo alioupenda utotoni ulikuwa tangazo la sabuni. Halafu ile aibu ikageuka kitu kingine, kwa sababu mama aliyekuwa anaibuka sasa alikuwa mjanja kuliko yule wa mwanzo, na alimpenda zaidi. Mudrick akamuuliza kama ameelewa au amtumie kwa maandishi. Akajibu ameelewa. Kaka akasema, kwa sauti ya chini, kwamba akiipata asiisikilize peke yake. Magunia yakaanza tena.

Akairudisha diski kwenye saa. Safari hii kengele ilipolia, mashine haikuizima kwa nguvu. Iliiuliza kwanza kama bado iko kazini. Diski ina njia ya kujibu swali hilo hata ikiwa inahangaika. Ikijibu ipo, inaongezewa sekunde thelathini nyingine. Isipojibu mara tatu mfululizo, kipande kile kinaandikwa pembeni kuwa kimeshindikana, na foleni inasonga kwa anayefuata. Hapo kwenye kusonga ndipo vidole viliposita. Kila kipande kitakachorukwa kitakuwa ni shimo kwenye sauti ya mtu, na hakuna atakayejua ya nani mpaka isikilizwe. Alikaa na mstari ule wa mwisho kwa muda mrefu kuliko mistari mingine yote. Kisha akauandika, akawasha. Asilimia kumi na nne, nukta moja. Nukta mbili.

Alhamisi Mzee alishinda anaulizwa na kujibu. Vipande vilivyorukwa vikafika hamsini, themanini, mia na ishirini. Shamimu alikula mezani pale, akatengeneza maikrofoni pale, na Priska alipohitaji mtu wa kumwekea matangazo aliambiwa ajiwekee.

Ijumaa saa nane mchana fuso iliingia uani. Kioo kilisoma asilimia themanini na nane. Meshack akatoka kuzungumza na dereva. Shamimu aliwaona kupitia dirishani na hakusikia kitu, ila aliona mitambo mingine yote ikianza kupakiwa kwanza, taratibu mno, kila kifaa kikifutwa vumbi kabla ya kubebwa, jambo ambalo Redio Bati haikuwahi kulifanya tangu iundwe. Meza ilitolewa ikarudishwa, ikatolewa tena kwa mlango wa nyuma. Dereva akakaribishwa wali. Ilipokaribia saa kumi na mbili Meshack akaingia, akasimama mlangoni, hakusema tutaona. Alisema, "Mwanangu, wanafunga turubai."

Asilimia tisini na sita.

Akachomoa mwenyewe. Watu wanne wakambeba Mzee, na asilimia nne ya watu wa Kondoa wakapandishwa kwenye fuso, wakaondoka na barabara ya Dar bila kuamkiwa na mtu. Shamimu alisimama uani mpaka vumbi likatua.

Kusikiliza kulichukua siku kumi na moja, zilezile ambazo Mzee alizitaka mwanzoni. Hakukuwa na njia ya mkato. Ni kufungua faili, kusikia sekunde chache, kuandika jina, kufunga. Priska alijigawia nusu ya kazi bila kuombwa. Walisikia mashehe na wachungaji, wakulima wakilalamikia mvua za mwaka ambao wote wameshausahau, ngoma za Wagogo zilizorekodiwa upepo ukipuliza, mtoto aliyeimba ubeti mmoja akasahau wa pili, akalia hewani. Baadhi ya sauti zilikatika katikati ya neno na hazikurejea. Kila zilipokatika hivyo Shamimu aliandika jina kwa mwandiko wa taratibu zaidi.

Siku ya kumi na moja, kwenye saa tano asubuhi, Priska alivua visikizio masikioni, akaviweka mezani kana kwamba vimejaa maji.

"Njoo," akasema. "Nimesikia Mwamvua."

Shamimu hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, akampigia Mudrick kwanza. Alipopokea akamwambia asiseme kitu, akaweka simu karibu na spika, Priska akabonyeza.

Soko lilitangulia, watu, jogoo, chuma kikigongwa mbali. Mtangazaji akamwomba mama ajitambulishe kwa wasikilizaji. Mtu akakohoa, kikohozi kifupi, cha kujiweka sawa. Halafu sauti ya mwanamke ikasema anaitwa Mwamvua, anauza chai, na hajui wasikilizaji wanataka nini kutoka kwake kwa sababu chai haipiti redioni. Mtangazaji akacheka. Sauti ya mama ilikuwa nyembamba. Shamimu miaka yote alikuwa amejitengenezea mama mwenye sauti nzito, na huyu alikuwa na sauti ya msichana, kali kidogo puani, yenye haraka. Hakuifahamu, halafu mwili wake ukaifahamu kabla yake, kuanzia shingoni kushuka. Dakika tatu na sekunde kadhaa mama alieleza bei ya sukari, na jinsi anavyomjua mteja mlevi kwa namna anavyomshukuru mtu, kisha akasema, "Mimi nina binti yangu mmoja, yule," na hapo kukawa na shimo.

Lilikuwa shimo refu. Mashine ilikuwa imeamkia mara tatu pale, haikujibiwa, ikapita. Sauti iliporudi mama alikuwa anaagana na mtangazaji, anamwambia arudishe kikombe, na kipindi kikaisha.

Priska alikuwa anatazama ukuta. Kwenye simu palikuwa kimya, na Shamimu akadhani laini imekatika, akaiinua sikioni kuangalia. Haikuwa imekatika. Mudrick alikuwa anapumua.

"Kasema nini kuhusu mimi?" Shamimu akauliza, kana kwamba kaka alikuwepo siku ile, na kwa kweli pengine alikuwepo.

"Sikumbuki," Mudrick akasema. "Wallahi, sikumbuki. Ningekutungia, lakini ungenijua." Akavuta pumzi. "Alikuwa na sauti ndogo hivyo?"

"Ndogo."

"Mimi nilikuwa namwogopa mtu mwenye sauti ndogo hivyo." Kisha akasema: "Rudisha pale mwanzo. Pale alipokohoa."

Priska akarudisha.